Mume na mke kupunguza uzito pamoja: sufuria moja, sahani mbili

Wenzi wengi hapa Bukavu wanaoamua kufanya rejimu pamoja hujikwaa mahali pale pale: wanadhani kwamba kwa kuwa wanaishi chini ya paa moja na kula kutoka sufuria moja, basi watapakua kiasi kile kile na kupungua kilo zile zile. Miili haifanyi hivyo. Kwa wastani, mwanamume mtu mzima anahitaji takribani kilokalori 2,500 kwa siku ili uzito wake usibadilike, na mwanamke takribani 2,000, kwa sababu mwanamume kwa kawaida ana umbo kubwa na misuli mingi zaidi, na misuli hutumia nishati hata mtu akiwa amelala. Wakila sawasawa, mume atapungua huku mke akibaki pale alipokuwa, na baada ya wiki chache mmoja atajiona shujaa na mwingine ataonekana hana nidhamu, ingawa kosa ni la kipimo tu. Kinachofaa kushirikiwa ni soko, upishi, muda na uamuzi; kiasi cha chakula kiwe cha kila mtu peke yake.

Mazungumzo ya kwanza yasifanyike mezani mbele ya watoto, wala siku ambayo tayari kuna ugomvi wa pesa. Anayeyaanzisha aanze na mwili wake mwenyewe. Mume akisema, "Mama Furaha, siku hizi nikipanda Kadutu ninahema kama mzee, nataka tupunguze mafuta, unisaidie," atasikilizwa. Akisema, "Umenenepa sana," atakuwa ameanzisha vita, si rejimu. Mkubaliane pia mapema mtawajibu nini ndugu, kwa maana kitambi cha mwanamume bado husomwa kama ushahidi kwamba mambo yake yanakwenda vizuri, na mwanamke akikonda watu huuliza kama anaumwa au kama mumewe hamlishi. Mama mkwe atauliza, hilo halikwepeki. Jibu liwe moja, na kila mmoja alitoe kwa upande wake: mume awaeleze wazazi wake kwamba waliamua wote wawili kwa ajili ya tansio, yaani shinikizo la damu, au magoti, asimwachie mke kujitetea peke yake kwa watu wa familia isiyo yake.

Wapo ambao hawapaswi kuanza kabla ya kumwona daktari. Mke mjamzito asifanye rejimu ya kupunguza uzito, na anayenyonyesha asipunguze chakula bila ushauri. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamide akipunguza chakula huku dozi ikibaki ile ile, sukari yake inaweza kushuka ghafla hadi akazimia. Mwenye kunywa dawa za tansio naye huenda akahitaji dozi ndogo kadiri anavyopungua. Kuna jambo jingine ambalo wanawake hawapendi kulisema mbele ya waume zao: vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila cheti cha daktari, hasa deksametasone na siproheptadine. Anayevitumia atapigana na njaa isiyo yake. Lakini deksametasone iliyomezwa kwa muda mrefu haiachwi kwa siku moja, kwa sababu mwili huwa umepunguza homoni inayofanana nayo, na kuikatisha ghafla kunaweza kumwangusha mtu. Ipunguzwe hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari. Chai na dawa za "kuyeyusha tumbo" nazo ziachwe sokoni. Nyingi zinaharisha tu, na kilo zinazoondoka ni za maji.

Kisha pimeni. Chukueni kamba, muikate iwe sawa na urefu wa mtu kutoka kisigino hadi utosini, muikunje mara mbili, halafu muizungushe tumboni katikati ya mbavu za mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, kiuno hakijazidi nusu ya urefu, na hilo ni jema. Zisipokutana, mafuta yaliyo tumboni yameshaanza kuwa hatari kwa moyo na kwa sukari. Kila mmoja awe na kamba yake, na pengo lililobaki kati ya ncha mbili ndilo mtakaloliangalia kila mwezi. Kwa uzito, nendeni kwenye kituo cha afya kama nyumbani hakuna mizani, mkagawanye kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mume wa kilo 90 mwenye urefu wa mita 1.75 anapata 29.4, yaani uzito uliozidi. Mke wa kilo 82 mwenye mita 1.65 anapata 30.1, ambayo tayari iko ndani ya unene wa kupindukia, unaoanzia 30. Mwenye kilo chache ndiye aliye mbali zaidi na uzito unaofaa, na hamtalijua hilo kwa kutazamana. Lengo la kwanza lisizidi sehemu 5 kwa 100 za uzito wa kila mmoja, yaani kilo 4 hivi kwa mke huyo na 4.5 kwa mume, kwa mwendo wa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kiasi hicho kinachoonekana kidogo kwa kawaida hutosha kuleta nafuu kwenye tansio na sukari.

Sasa tuingie jikoni, na jikoni tuanze na chupa ya mawese, kwa sababu ndiyo inayobeba mengi kuliko watu wanavyodhani. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, yawe mekundu au meupe, kina takribani kilokalori 120, na lita moja ina zaidi ya 8,000. Andikeni tarehe kwenye chupa siku mnayoifungua. Familia ya watu 6 inayomaliza lita moja kwa siku 3 inampa kila mtu kilokalori 450 hivi kwa siku kutokana na mafuta peke yake, kabla ya kuhesabu bugali, na pungufu ya kilokalori 500 kwa siku ndiyo inayoondoa karibu nusu kilo kwa wiki. Hivyo kazi kubwa ya rejimu yenu imo ndani ya chupa hiyo. Msimimine tena moja kwa moja kwenye sufuria. Pimeni kwa kijiko, na mlenge chupa ile ile idumu siku 6. Mawese hayahitaji kufukuzwa nyumbani, kwa maana rangi yake nyekundu inatokana na karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na watoto wanaihitaji.

Watoto ndio sababu ya kupika kwa mpangilio. Anayekua hafanyi rejimu ya wazazi wake. Sombe ichemshwe kwanza kwa muda mrefu bila kufunikwa, kama inavyopaswa siku zote ili sumu ya majani ya muhogo itoke, ikolezwe kwa kitunguu, pilipili mbichi na bilinganya, na mafuta kidogo sana. Sehemu ya baba na mama ikishapakuliwa, ndipo mawese na karanga za kusaga ziongezwe kwenye ile ya watoto. Kwa njia hii hakuna anayepika mara mbili, na hakuna anayekaa mezani akiona kwamba amepikiwa chakula cha mgonjwa. Sombe yenye karanga na mawese ya kutosha haihesabiwi kama mboga ya kula bila mpaka, ingawa ni ya kijani. Lengalenga na matembele ndizo za kujazia sahani.

Sambaza wa ziwa letu ni bahati ambayo miji mingi haina. Samaki huyu, aliyeletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huliwa pamoja na mifupa yake, kwa hiyo humpa mtu protini na kalisi kwa pamoja, na protini hushibisha muda mrefu kuliko unga. Tatizo ni kikaango. Sambaza wa kukaangwa hunyonya mafuta kwa sababu ni wadogo na kila mmoja anagusa mafuta pande zote. Wapikwe kwenye nyanya na kitunguu, au wale wakavu wakaangwe bila mafuta kisha waongezwe kwenye mchuzi. Maharage nayo yatoshe kuwa kitoweo cha siku kadhaa za wiki. Vipande vya Maggi na chumvi vipungue pamoja, kwa kuwa vipande hivyo sehemu kubwa ni chumvi, na mtu mzima hapaswi kuzidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja cha chai kwa chakula chote alichokula siku nzima.

Bugali ndiyo inayogombanisha watu. Mtu anayekula kutoka sinia moja na wenzake hawezi kujua amekula kiasi gani, hasa akila haraka, kwa hiyo katika miezi ya mwanzo kila mmoja awe na sahani yake, hata kama inawakera wazee. Tonge zima la mlo mmoja liwe na ukubwa wa ngumi ya mlaji mwenyewe. Ngumi ya mume ni kubwa, ya mke ni ndogo, na hapo tofauti niliyoitaja mwanzoni inajipanga bila mabishano. Nusu ya sahani iwe mboga, robo bugali au ndizi au viazi vitamu, robo maharage au samaki. Mke asiongezewe "kwa heshima," na mume asipakuliwe mlima kwa sababu tu ndiye baba wa nyumba. Najua kumpakulia mume kidogo huonekana kama dharau. Ndiyo maana ni afadhali mume ajipakulie mwenyewe, mbele ya watoto.

Yanayoliwa nje ya meza ndiyo magumu kukiri, na hayafanani kwa wawili hawa. Mume hula mjini: beinye (maandazi) za asubuhi kazini, mishikaki ya jioni, na nganda, yaani baa. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 ina kilokalori 300 hivi, na chupa mbili ni sawa na mlo mzima usiohesabiwa. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nayo haisameheki kwa sababu tu imetoka kwenye ndizi. Mke hula akiwa amesimama: anaonja sufuria, anamaliza mabaki ya mtoto ili yasitupwe, anakunywa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari pamoja na majirani. Kwa wiki moja kila mmoja aandike kila anachotia mdomoni, bia na mabaki vikiwemo, kisha mbadilishane madaftari bila kusuta. Pesa za bia zilizookolewa zikielekezwa kwenye samaki na matunda, mke ataona haraka kuwa rejimu si ya maneno. Kila mmoja ajiwekee mipaka yake. Anayemchunguza mwenzake kama polisi atamfundisha kujificha. Soda iachwe kabisa: chupa ya sentilita 33 ina gramu 35 hivi za sukari, karibu vijiko tisa vya chai.

Kuhusu kutembea sina mengi ya kusema, kwa kuwa milima yetu inasema yenyewe. Lengo ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaowafanya mhema kidogo huku bado mnaweza kuongea, yaani nusu saa kwa siku 5. Mwenye magoti mabovu aanze na sehemu tambarare za barabara ya Patrice Emery Lumumba, si na ngazi za Kadutu, na kushuka kwenye mteremko huumiza magoti kuliko kupanda. Shukeni kwenye moto, yaani pikipiki ya abiria, kabla ya kufika, mtembee kipande kilichobaki wakati bado kuna mwanga.

Pimeni uzito mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya kula. Wiki ya kwanza huondoka maji mengi, kwa hiyo msisherehekee. Msilinganishe kilo, linganisheni sehemu ya uzito wa kila mmoja iliyoondoka. Uzito wa mke unaweza kupanda kidogo kabla ya siku zake za mwezi kutokana na maji, na hilo halihesabiwi kuwa kushindwa. Mizani ikisimama kwa wiki nne mfululizo baada ya miezi kadhaa ya kushuka, sababu ya kawaida ni kwamba mwili uliopungua unahitaji chakula kidogo kuliko ule wa mwanzo, au kijiko cha mafuta kimeanza tena kufurika. Rudini kwenye tarehe iliyoandikwa kwenye chupa, kisha kwenye ngumi.

Harusi, mahari na matanga hayatasubiri mmalize. Msiende na njaa; kuleni maharage kidogo nyumbani, na mkifika mkubali sahani, kwa sababu kuikataa ni kumwaibisha mwenyeji. Kuleni nyama na mboga kwanza, wali au bugali mwisho, na sahani ikiondolewa ikiwa na salio hakuna atakayeuliza. Mkialikwa Jumamosi na Jumapili pia, chagueni mapema ni wapi mtakula na ni wapi mtakunywa maji tu, na anayekunywa maji asikae karibu na bia.