Turubai la chini lisizidi hema
Ukipiga hema kwenye msitu wa milimani wenye ukungu, kama Magamba kule Lushoto, maji yanayokulowesha usiku mara nyingi hayatoki juu. Yanaingia kwa chini. Turubai unalotandika chini ya hema likijitokeza nje hata kwa upana wa kiganja, mvua inayoteremka kwenye kuta inaangukia juu yake, inatiririka hadi chini ya sakafu, na matandiko yanalowa. Kunja kingo zote ziingie ndani ya ukubwa wa hema kwa sentimita 5 hadi 10. Mkunjo uende chini, si juu. Ukikunja kwa juu umetengeneza mfereji.

Kabla ya kutandika, tazama juu. Tawi kavu linaloning'inia ni sababu tosha ya kuhama, hata kama uwanja ni tambarare na unapendeza. Ukiona msururu wa siafu, usihangaike kuwafukuza, sogea mbali.

Udongo wenye majani yaliyooza ni laini, kigingi kifupi hung'oka. Tumia cha sentimita 25 hivi, kichwa kikilalia upande usio wa hema. Kamba ya nailoni hulegea ikilowa, kwa hiyo ikaze tena kabla ya kulala.

Usizibe matundu ya hewa kwa kuogopa baridi: pumzi itageuka maji kwenye paa na kuwadondokea alfajiri. Na jiko la mkaa lisiingie hemani kabisa, hata yakibaki makaa machache. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.