Usiweke Mbegu ya Saga Iliyochanua Mapema

Kuanzia Vihiga hadi Kisumu na Nakuru, wenye bustani za nyumbani wana lalamiko moja: mbegu ya saga, mboga ya kienyeji iitwayo pia mgagani, waliyoachiwa na mama mkwe imechoka. Majani yamekuwa madogo, na mmea haujafika magotini tayari una maua. Mbegu haijachoka. Inaharibiwa hapo hapo bustanini, wakati wa kuichagua.

Mmea unaowahi kuchanua hauna majani ya maana, kwa hivyo mnauacha usimame. Ile mizuri, yenye majani mapana, mnaichuma kila wiki mpaka inaisha. Mwisho wa msimu, yenye maganda ni ile tu iliyokataliwa na sufuria, na hiyo ndiyo mnayoipukuta kuweka mbegu! Tabia ya kuwahi kuchanua hurithiwa. Rudia hivyo misimu minne mitano na utabaki na saga ya maua, kisha uanze kununua pakiti dukani huku mbegu ya ukoo ikipotea.

Tenga kitalu cha mbegu tangu siku ya kupanda. Mita 3 kwa mita 1 zatosha: mistari 3, na ukipunguza miche uache mmoja kila sentimita 30. Pima kwa kamba, si kwa macho. Utapata mimea 30 hivi. Hapo hapachumwi, hata wageni wakija.

Kuanzia wiki ya nne, pita kitaluni kila asubuhi. Mmea wowote unaotoa vitumba mbele ya wenzake, ng'oa ukapikwe. Ng'oa kabla ua halijafunguka, maana wadudu hubeba chavua yake hadi kwenye mimea mizuri. Ukichelewa siku chache umefanya kazi bure. Kitalu cha kuchuma kilicho jirani nacho usikiache kichanue. Ukame na udongo hafifu pia huharakisha maua, kwa hivyo linganisha mimea ya kitalu kimoja, iliyopandwa siku moja. Ng'oa kama 10, lakini usibakize chini ya 20. Mbegu ya mmea mmoja, hata uwe mzuri vipi, hudhoofisha uzao.

Kata maganda yakigeuka manjano. Ukingoja yawe makavu kabisa, yatapasuka na mbegu kumwagika. Yaanike kivulini juu ya gunia siku 3 hadi 5, pukuta, pepeta, tia kwenye bahasha ya karatasi, na uandike tarehe. Tarehe hiyo si pambo. Mbegu mpya ya saga hulala, na inataka angalau miezi 3 kabla ya kupandwa. Wengi huipanda wiki ile ile, haioti, wanaimwaga. Iliyovunwa Juni ingoje mvua za Septemba. Ichanganye na mchanga mkavu na uifukie kina kisichozidi sentimita 1.

Baada ya misimu miwili mitatu maua yataanza kuchelewa.

Managu (mnavu) nayo chagua vivyo hivyo. Matunda yaive kabisa, yakamue ndani ya maji, yaache siku 1 au 2, kisha osha mbegu na uzianike kivulini. Mrenda (mlenda) una mbegu yenye ganda gumu: ifunge kwenye kitambaa, itumbukize kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde 10, halafu itie kwenye maji baridi. Nimesema sekunde, si dakika. Ukizidisha utakuwa umezipika.