Mafunzo Kazini Yanayoamsha Ari: Mwongozo kwa Wasimamizi wa Hoteli

Mwaka mmoja, wakati wa masika, hoteli ya ufukweni niliyokuwa nikishughulikia masuala ya wafanyakazi wake iliwaita wapishi wote ukumbini kwa semina ya siku mbili kuhusu usalama wa chakula. Mkufunzi alikuwa hodari, chai na mahamri vilikuwepo, na kila mmoja aliondoka na cheti chenye jina lake. Wiki mbili baadaye nilipita jikoni nikamuuliza kijana wa zamu ya mchana iwapo alikuwa amepima joto la kuku aliyemtoa kwenye oveni. Alinijibu kwa adabu kwamba kipimajoto kilikuwa kimoja tu, na kilifungiwa kwenye droo ya meneja. Somo alilikumbuka vyema, kwani alinitajia nyuzi 70 za Selsiasi bila kusita. Kilichonisikitisha ni kwamba alikuwa amekwisha kuamini kuwa mambo ya semina ni ya ukumbini, na jikoni kuna mambo yake mengine.

Tangu siku hiyo nimeshikilia jambo moja: kinachomkatisha mfanyakazi tamaa ni kufundishwa kitu ambacho kesho yake hawezi au haruhusiwi kukitumia. Kwa hiyo anayetaka mafunzo yalete ari asianze kwa kutafuta mkufunzi. Aanze kwa kuingia kwenye zamu.

Kaa jikoni, chumba cha kufulia na kwenye korido za vyumba vya wageni kwa siku mbili au tatu, ukitazama zaidi kuliko kuzungumza. Kisha muulize kila mtu maswali mawili: ni kazi gani hulazimika kurudiwa kwa sababu haikufanywa sawasawa mara ya kwanza, na ni kazi gani angependa kuijua ambayo leo humbidi amwite mwenzake? Majibu yake mara nyingi hayafanani na orodha iliyoandaliwa ofisini. Nilitarajia akina mama wanaotandika vyumba waniombe mafunzo ya vifaa vya usafi. Waliomba Kiitaliano. Pwani ya Malindi na Watamu imepokea wageni wa Kiitaliano kwa miongo mingi, na akina mama hao walikuwa wamechoka kusimama mlangoni wakitabasamu huku mgeni akilalamika kuhusu jambo wanaloweza kulitatua kwa dakika moja, laiti wangelielewa. Mafunzo yanayojibu kero ya namna hiyo hayahitaji kutangazwa. Watu hufika wenyewe.

Ukishajua kitakachofundishwa, ondoa vizuizi kabla ya somo la kwanza. Hakikisha kifaa kipo na kinapatikana na kila zamu, kwamba muda wa kukitumia umetengwa ndani ya kazi, na kwamba msimamizi wa zamu anaijua na kuikubali njia mpya. Sharti hili la mwisho ndilo gumu zaidi. Msimamizi asiyeshirikishwa anaweza kuifuta semina nzima kwa sentensi moja tu: "Hapa hatufanyi hivyo." Mfundishe yeye kwanza, faraghani, na umwachie nafasi ya kubishana nawe.

Kuhusu wakati, hoteli za pwani yetu zina bahati. Kuanzia Aprili hadi Juni, mvua za masika zinaponyesha na wageni wanapopungua, mikono huwa na nafasi. Tumia kipindi hicho, lakini kwa vipande vifupi vya nusu saa ndani ya zamu. Kumwita mtu siku yake ya mapumziko bila malipo ni kumtoza ada ya semina ambayo hakuiomba, naye ataketi hapo akihesabu nauli aliyotumia.

Sasa namna yenyewe ya kufundisha. Njia ninayoiamini kuliko zote ilitengenezwa Marekani kuanzia mwaka 1940, viwanda vya huko vilipolazimika kufundisha haraka watu wengi ambao hawakuwahi kuushika ufundi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikapelekwa Japani, ambako iliota mizizi. Ina hatua nne: kumwandaa mwanafunzi, kumwonyesha, kumwachia ajaribu, na kumfuatilia. Chukua mfano wa kupoza wali, kazi inayoonekana ndogo lakini yenye hatari kubwa katika jiko linalopikia watu mia mbili.

Kwanza, mwandae mwanafunzi kwa kumuuliza anavyofanya sasa, bila kumhukumu. Huenda akasema kwamba huuacha wali ndani ya sufuria, akaufunika, na kuuingiza kwenye friji ukipoa. Mwambie aingize kipimajoto katikati ya sufuria baada ya saa mbili asome mwenyewe. Atakuta juu kumepoa na katikati bado kuna moto. Hapo ndipo masikio hufunguka. Mweleze sababu: mchele hubeba bakteria ambao mbegu zao hustahimili mchemko, na wali ukikaa muda mrefu katika joto la kawaida mbegu hizo huamka, zikazaana na kutoa sumu isiyoondoka hata wali ukipashwa moto upya. Ndiyo maana chakula kilichopikwa hakipaswi kukaa nje kwa zaidi ya saa mbili, bali kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 au kiwekwe juu ya nyuzi 60.

Pili, mwonyeshe hatua moja baada ya nyingine: wali unahamishiwa kwenye trei bapa, unatandazwa kwa unene usiozidi vidole viwili, unaachwa utoe mvuke kwa muda mfupi, kisha unaingizwa kwenye friji ukiwa na kibandiko cha saa na tarehe. Katika kila hatua taja jambo moja tu la kuzingatia pamoja na sababu yake, kwa maana ukitaja matano atabaki na moja, na huenda lisiwe lile ulilolitaka. Tatu, mwachie afanye mwenyewe kimya kimya huku ukirekebisha kosa papo hapo. Kisha arudie akieleza kwa sauti anachofanya na kwa nini anakifanya. Kurudia huku kwa pili ndiko wasimamizi wengi hukuruka, nako ndiko kunakoonyesha kama mtu ameelewa au ameiga tu. Nne, mwache afanye kazi, mtajie kwa jina mtu wa kumuuliza akikwama, umtembelee kesho yake, kisha kila baada ya siku chache, ukipunguza ziara kadiri mkono wake unavyozoea.

Mfundishaji bora wa hatua hizi mara nyingi tayari yumo ndani ya hoteli. Katika chumba cha kufulia nilikuta mzee aliyejua doa la hina lishughulikiwe vipi kabla shuka halijaguswa na maji ya moto, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza. Tulipompa vijana wawili awafundishe na tukampunguzia mzigo wa kazi kwa saa hizo, alianza kufika mapema ili apange meza yake. Ukichagua wa kufundisha, mchague mvumilivu hata kama si mwepesi kuliko wote, na umlipe kwa kazi hiyo ya ziada.

Kupima mafanikio, usiishie kwenye fomu ya kuuliza kama chakula cha mchana kilikuwa kizuri. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza ngazi nne za kutathmini mafunzo: walivyoyapokea, walichojifunza, walivyobadilika kazini, na matokeo yaliyopatikana. Ngazi ya tatu ndiyo ya kuishughulikia zaidi: baada ya mwezi mmoja, fungua friji usome vibandiko.

Limebaki suala la fedha na vyeti. Nchini Kenya mwajiri hulipa ushuru wa mafunzo wa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani. Kwa mwajiri wa watu 80, hizo ni shilingi 48,000 kwa mwaka. Mwajiri anayelipa anaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, mradi aombe idhini kabla ya mafunzo kuanza. Mamlaka hiyo pia huendesha mitihani ya ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na mpishi aliyejifunzia kazini bila kupita chuoni anaweza kuifanya. Mwajiri akimlipia mtihani, amwambie mapema, kwa maandishi, daraja hilo litabadilisha nini katika mshahara wake. Wapo wanaohofia kwamba akishapata cheti ataondoka. Baadhi huondoka kweli. Yule kijana wa kipimajoto alifanya mtihani wa daraja la tatu, mshahara wake ukapandishwa kama alivyoandikiwa, na nilipoondoka hotelini hapo ndiye aliyekuwa akiwaonyesha wafanyakazi wapya wa jikoni namna ya kutandaza wali kwenye trei.