Boga la Oktoba: kulichagua, kulipika na kutunza mbegu zake

Kwetu Muheza, mvua za vuli zikianza mwezi wa Oktoba ndipo bibi alipokuwa akifukia mbegu za maboga katikati ya mahindi. Hapa Columbus, Ohio, ninakoishi sasa, mwezi huohuo maboga yameshaiva na kurundikwa nje ya kila duka. Wenyeji huyachonga macho na meno kwa ajili ya Halloween, tarehe 31, wakaweka mshumaa ndani. Siku mbili baadaye utayaona yamelala kwenye mapipa ya taka. Naumia kila mwaka, maana hicho ni chakula.

Kuna mji mdogo kusini yetu, Circleville, chini ya saa moja kwa gari, wenye maonesho ya maboga tangu 1903. Huchukua siku nne, Jumatano hadi Jumamosi, na utakuta boga moja zito kuliko ng'ombe wa kwetu. Ukipata nafasi, wapeleke watoto. Lakini jitu lile si la kupika, na hapo ndipo wageni wengi hukosea. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua boga kubwa la kuchonga, nikalitia nazi kama nilivyofundishwa na mama, likatoka maji matupu na nyuzinyuzi. Maboga yale huzalishwa yawe makubwa na mazuri kwa macho, utamu haukutafutwa.

Kwa kupika, chukua dogo, kilo mbili au tatu, lile wanalouza kwa ajili ya keki za maboga, au lile refu la rangi ya maziwa lenye kiuno kama kibuyu. Libonyeze kwa ukucha: ganda likikubali kutoboka, halijakomaa. Kikonyo kiwe kikavu na kigumu. Usilibebe kwa kikonyo, kwani kikikatika boga huanza kuoza kuanzia pale. Likiwa zima, pahali pakavu na penye ubaridi kidogo, hukaa miezi miwili mitatu. Ndiyo maana mimi hununua ya kutosha baada ya tarehe 31, bei inaposhuka. Lililokwisha kuchongwa na kukaa nje usilipike; limeshaingia ukungu. Na boga lolote likiwa chungu ulimini, litupe, usijaribu kuuficha uchungu kwa sukari. Uchungu huo ni sumu ya mmea wenyewe.

Sasa boga la nazi. Lioshe, lipasue, toa mbegu uziweke kando. Kata vipande vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, ganda liache, ndilo linalozuia kipande kisivurugike. Panga sufuriani ganda likiwa chini. Maji nusu kikombe tu, kwa sababu boga lenyewe karibu lote ni maji. Tia chumvi nusu kijiko cha chai, funika, moto mdogo, dakika kumi na tano hivi. Kopo la tui usilitikise kabla ya kufungua: kasimile hupanda juu na tui jepesi hubaki chini. Anza na lile jepesi, pamoja na sukari vijiko vitatu vya kulia na iliki sita zilizotwangwa. Likikaribia kukauka, mimina kasimile, tikisa sufuria badala ya kukoroga, na lichemke mara moja tu. Siku ya pili lina utamu zaidi, hasa kwa chai ya asubuhi.

Mbegu nazo. Ziloweke kwenye bakuli la maji uzisugue kwa vidole mpaka nyuzi ziachie, kisha zianike juu ya kitambaa usiku kucha. Zikiingia jikoni na unyevu zitakuwa ngumu kutafuna. Nyunyiza maji ya chumvi, zikaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo huku unageuza, hadi zianze kupasuka na kunukia.

Bakiza kumi za kupanda. Boga huchavushwa na nyuki, na nyuki hubeba chavua kutoka bustani ya jirani, kwa hiyo tunda litakalotoka huenda lisifanane na mama yake. Mimi halinisumbui, nataka majani. Nafukia mwishoni mwa Mei, baridi ya kugandisha ikiwa imekwisha. Kufika Julai mmea umetambaa hadi kwenye uzio, nami nachuma ncha changa na majani laini, nayamenya nyuzi kuanzia kwenye kikonyo, nayakata membamba na kuyapika kwa karanga za kusaga. Ua lenye kijiboga kidogo chini yake usiliguse, hilo ndilo jike. Chuma yale yenye kikonyo kitupu, uyachanganye na majani dakika za mwisho.