Kulinda mifupa unapoishi na pumu ya ngozi

Mtu mzima mwenye pumu ya ngozi (ukurutu) ya muda mrefu, hasa ikiwa kali, yumo kwenye hatari kubwa zaidi ya kuvunjika nyonga, uti wa mgongo au kifundo cha mkono. Anza na dawa, kwa sababu hizo unaweza kuzihesabu.

Vidonge vya prednisoloni (dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe) ndivyo vinavyodhuru mifupa zaidi. Ukitumia miligramu 2.5 au zaidi kwa siku kwa miezi 3, mwombe daktari apime hali ya mifupa yako. Usingoje mwaka uishe: mifupa hupungua kwa kasi zaidi katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Dozi fupi zinazorudiwarudiwa nazo hujumlishwa, kwa hiyo kila dozi na kila sindano ya steroidi iandikwe kwenye daftari la kliniki. Lakini ukishavitumia vidonge zaidi ya wiki 3, usiviache ghafla. Tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimezoea kupumzika, na presha inaweza kushuka vibaya.

Dawa ya steroidi ya kupaka ni habari nyingine. Minya tyubu kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza: hapo una karibu nusu gramu, inayotosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Kama unapaka mikunjo ya viwiko viwili mara moja kwa siku, tyubu ya gramu 15 ikikutosha mwezi mzima, uko sawa. Andika kwa kalamu tarehe uliyoifungua. Katika utafiti wa Denmark, hatari ya mifupa iliongezeka kidogo kidogo kadiri jumla ya gramu za dawa kali za kupaka ilivyokuwa kubwa zaidi. Anayeiogopa tyubu akaacha ngozi ichachamae, mara nyingi huishia kwenye vidonge, na hapo amejiumiza zaidi.

Krimu za kung'arisha ngozi zihesabu pia. Nyingi zina «clobetasol» au «betamethasone», ambazo ni steroidi kali, na hupakwa mwili mzima kila siku. Mweleze daktari bila kuficha.

Kalsiamu: miligramu 1,000 kwa siku, 1,200 kwa mwanamke aliyevuka miaka 50. Kikombe cha maziwa, freshi au mgando, kina karibu 300. Dagaa wale wazima, na miiba yao. Sukuma wiki inafaa kuliko mchicha, ambao una asidi inayoishika kalsiamu isifyonzwe. Usimkataze mtoto maziwa kwa kudhani tu. Apimwe mzio kwanza.

Tembea kwa kasi nusu saa alfajiri, kabla joto halijaleta jasho na muwasho. Ukirudi, oga maji ya uvuguvugu, ujipake mafuta mwili ukiwa bado na unyevu. Vidonge vya mzio vinavyolevya usingizi huangusha watu usiku, hasa wazee. Njia ya chooni iwe na taa.

Maumivu ya mgongo yakikushika ghafla baada ya kuinua ndoo, au urefu wako ukipungua sentimita 4, nenda ukapigwe eksirei ya uti wa mgongo.