Unaenda programu ya kubadilishana vijana nje? Haya yaweke sawa kabla hujatoka Mwanza

Hizi programu za vijana wa nchi tofauti kukaa pamoja wiki moja au mbili, mada ikiwa utamaduni na utambulisho wa kidijitali, wengi wetu tukishachaguliwa tunaanza kuwaza begi na picha za eapoti, wakati kazi kubwa iko kabla ya safari na nusu yake unaifanya umekaa zako Igoma au Nyegezi na simu mkononi. Hapa naongelea anayeenda Ulaya, nchi za Schengen, zile zinazotumia viza moja, huko kwingine masharti yanabadilika ila mengi yanafanana.

Makaratasi tuyamalize haraka. Pasipoti ni shilingi 150,000, unaomba mtandaoni afu unaenda Uhamiaji wa mkoa na viambatanisho vyako, ila kinachochelewesha watu sio hela, ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mabula, NIDA inasema Mabula Masanja, cheti cha fomfoo kina herufi imepinda, basi utazunguka mpaka ukome, kwa hiyo panga vyote mezani leo usome herufi kwa herufi. Viza mnaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla na isipungue siku 15, na majibu kwa kawaida yanachukua siku 15 ila wakitaka kuchunguza zaidi inafika 45, kwa hiyo ile ya kuomba dakika za mwisho achana nayo. Pasipoti iwe na angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka kwao na kurasa mbili tupu, bima ya safari ya euro 30,000 kwenda juu, na alama za vidole unaenda kutoa mwenyewe Dar. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, lakini hii watu hawaambiwi: kama una miaka 25 au chini na unawakilisha asasi isiyo ya faida kwenye shughuli ya utamaduni au elimu iliyoandaliwa na asasi kama hiyo, ada hiyo unasamehewa, kwa hiyo barua ya mwaliko iseme hivyo waziwazi. Na mtu akikuambia tuma "hela ya usajili" kwenye namba ya simu ili nafasi isipotee, huyo ni tapeli tu.

Sasa twende mtandaoni. Jitafute. Andika jina lako kamili, andika na lile la kijiweni unalotumia kwenye akaunti, uone kinachotoka, maana mkishatengenezewa grupu la WhatsApp wenzako wa huko watakufanyia hivyohivyo hata kabla hujafika. Sisemi ufute maisha yako, mi mwenyewe siwezi kumwamini mtu ambaye akaunti yake yote ni nukuu za mafanikio na suti ya kuazima, ila ujue unaonekanaje na uwe na maelezo, kwa sababu mada yenyewe ndio hiyo: wewe wa Mabatini na wewe wa Instagram mnafanana wapi. Kwenye mazoezi ya darasani utaulizwa mbona kwenye komenti unachanganya Kiswahili, Kiingereza na Kisukuma cha kuungaunga, na hilo ni swali zuri sana kama umeliwaza mapema.

Halafu paswedi. Laini yako ukifika kule inaweza isipokee meseji, na akaunti zako zote zinatuma zile namba za uthibitisho za kuingilia kwenye laini hiyohiyo, kwa hiyo kabla ya kuondoka weka app ya kutengeneza namba hizo kwenye simu, chukua na zile namba za akiba uziandike kwenye karatasi. Ukifungiwa nje ya barua pepe ukiwa ugenini hata tiketi ya kurudi hufungui.

Kwenye utamaduni ndio naona watu wanabebwa na mazoea. Kuna usiku kila nchi inajionyesha, na Mtanzania anaibuka na shuka la Kimasai na wimbo wa watalii, wakati anatoka Kisesa! Nenda Bujora kwanza, sio mbali na mjini, pale kwenye makumbusho ya Wasukuma, uliza kuhusu Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana mpaka leo, na ukiweza nenda mwezi Juni wakati wa Bulabo, ile sherehe ya mashindano ya ngoma, uyaone yakigombania watazamaji. Ukitaka kucheza bugobogobo, ile ngoma ya kushika jembe, jua kwanza kwamba jembe lile sio pambo, ngoma ilikuwa inawapa watu mwendo shambani. Na jiandae na swali la chatu, maana wageni wakitafuta ngoma ya Kisukuma mtandaoni wanakutana na nyoka, waeleze kwamba hao ni Bayeye, chama cha wanaokamata nyoka na kutibu walioumwa, sio kwamba kila nyumba Magu ina chatu uvunguni. Kama wewe ni Mkerewe au Mzinza au umezaliwa tu Kirumba na wazazi wametoka Bukoba, sema hivyo, usijifanye Msukuma wa maonyesho.

Ukirekodi video za kwenda kuonyesha, mama wa dagaa pale Mwaloni umuombe kwanza na umwambie inaenda wapi, "naomba mama nikuchukue kidogo, nitawaonyesha watu wa nje", akikataa shikamoo unaondoka. Sheria yetu ya taarifa binafsi ni ya 2022, ya kwao imeanza kutumika 2018, na wewe pia utapewa fomu ya ridhaa ya picha: isome, unaruhusiwa kukataa, na hata ukishasaini unaweza kuiondoa ridhaa yako baadaye.

Mikutano ya awali huwa kwa video, angalia saa, maana saa kumi jioni ya Berlin kwetu ni saa kumi na mbili wakati wa baridi na saa kumi na moja wakati wa kiangazi chao. Beba adapta, plagi zetu za miguu mitatu haziingii nchi nyingi za kule. Nyama na maziwa usibebe kabisa, forodha wanachukua. Nauli miradi mingi inarudisha baadaye, kwa hiyo uliza mapema kama kipande cha Mwanza hadi Dar kimo kwenye bajeti au wamehesabu kuanzia Dar, na kila tiketi, risiti ya basi na kile kikaratasi cha kupandia ndege kipige picha hapohapo, kabla hujakitupa kwenye siti.