Jinsi ya kutoa maoni kwenye miksi ya chumbani

Juzi dogo mmoja wa Mbagala kanitumia wimbo aliorekodi na kuumiksi, yaani kuchanganya sauti na ala, ghetto kwake, godoro kaliegemeza dirishani kuzuia kelele. "Kaka, nichane tu, usinionee huruma." Tukaongea kwa simu kwa muda wa saa mbili hivi. Haya ndiyo niliyomwelekeza afanye na yeye, wenzake wakimtumia kazi zao.

1. Omba faili la WAV, lenye sauti isiyobanwa. Kwa WhatsApp litumwe kama dokumenti.

2. Sikiliza mara moja mpaka mwisho bila kugusa kitu. Ulipochoka, ulipokosa neno, andika.

3. Linganisha na wimbo uliokwishatoka, ila sawazisha sauti kwanza. Hapa niliwahi kumpotezea rafiki yangu usiku mzima. Nilimwambia miksi yake imelala, haina besi, haing'ai. Akaongeza besi, akaongeza kali za juu, akabana kila kitu kwa kompresa, kile kifaa cha kupunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo. Saa tisa usiku ndipo tukagundua miksi ya kwanza haikuwa na kosa; ilikuwa chini tu kwa sauti. Wimbo uliotoka umeshapita masteringi, ile hatua ya mwisho ya kuukuza na kuung'arisha, wake bado, na sikio likipewa sauti kubwa husikia besi na kali vizuri zaidi. Kinachopiga kwa nguvu kitaonekana kizuri hata kama ni kibovu.

Kwa hiyo weka nyimbo zote mbili kwenye mradi mmoja. Mimi natumia Reaper, programu ya kurekodi na kumiksi, na sioni haja ya kitu cha bei zaidi ya hapo. Teremsha uliotoka, usipandishe wa dogo: ukivuka sifuri kwenye mita sauti itapasuka, halafu umlaumu bure. Mara nyingi huwa nateremsha desibeli 6 hadi 10. Mita ya kilele itakudanganya, inaonyesha mdundo wa juu tu, si ukubwa unaosikika. Fumba macho, ruka huku na huku kwenye kiitikio mpaka usijue upi una sauti zaidi. Angalia pia wimbo wa mfano usipite kwenye kompresa na limita (kizuizi cha sauti isivuke kiwango) alizoweka dogo kwenye masta, njia ya mwisho inapopita miksi yote, maana hapo utakuwa unasikiliza kitu kingine kabisa. Na singeli ipimwe kwa singeli.

4. Taja dakika na sekunde. "Vokali haijakaa" haimsaidii mtu. Nilimwandikia hivi: "1:12, 's' zinachoma, weka di-esa (kipunguza 's') kwenye kilohezi 6 hadi 8. Ubeti wa pili unaimba kama uko ndani ya ndoo, punguza kidogo karibu na hezi 300. Mistari ikikatika, feni inasikika."

Hiyo feni si kosa la miksi. Plagini za kufuta kelele zipo, mimi sizipendi, zinaiacha sauti kama ya roboti mwenye mafua. Zima feni, vua shati, rekodi usiku. Joto la Dar tunalijua, lakini ubeti mmoja hauui mtu.

5. Isikilize kwenye spika ya simu. Besi ikipotea usimwambie aipandishe, spika ile haina uwezo wa kuitoa. Aiongezee sacharesheni kidogo, yaani aikwaruze makusudi, mikwaruzo ya juu ndiyo itakayosikika.

6. Mpe mambo matatu. Mengine kaa nayo.

Leo asubuhi katuma toleo jipya. Feni haipo. Kwenye 2:03 kuna jogoo.